Barua ya wazi kwa wasimamizi wa karakana yetu ya baiskeli: ifungueni saa ambazo vijana wapo

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,
Ndugu Mkurugenzi wa Manispaa,
Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii na Afisa Vijana,
Wajumbe wote wa kamati ya karakana,

Shikamooni wakubwa wangu. Kwa walio rika langu, habari za kazi.

Naandika hadharani kwa nia njema. Karakana ile ni mali ya kata. Wananchi walichimba msingi na kusomba mchanga, halmashauri ikaleta mabati na saruji, na wanaoitegemea ni watoto wetu wa sekondari pamoja na vijana wanaobeba abiria na mizigo kwa baiskeli. Hoja nitakazozitaja nimeshazisema kwenye vikao vya kamati na zimo kwenye mihtasari. Vijana wenyewe ndio walioniomba niziandike mahali ambapo kila mzazi atazisoma.

Ombi kuu ni moja: siku za shule karakana ifunguliwe kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumamosi ifunguliwe kutwa, na kwa saa hizo zote awepo fundi anayelipwa. Mengine yote nitakayoyasema yanasimama juu ya hilo.

Ratiba ya sasa ni saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa, sawasawa na ofisi za umma. Kwa ofisi inafaa. Kwa karakana ya vijana haifai hata kidogo. Saa hizo mwanafunzi yuko darasani. Kijana wa baiskeli ya abiria yuko barabarani, maana mteja wa sokoni na wa hospitali ni wa asubuhi, na akimkosa huyo siku yake imeharibika. Anayebaki na nafasi ya kuingia ni yule asiye na shule wala kazi, na huyo mara nyingi hana hata baiskeli ya kuleta. Ndiyo maana wakubwa wakipita kwenye ziara za mchana wanakuta meza tupu, na wanaambiwa kwamba vijana wa kata hii hawana mwamko.

Mwamko wanao. Njooni jioni muone. Wanakusanyika nje ya uzio, wanapindua baiskeli juu chini kwenye mchanga, wanafungua magurudumu kwa spana ya kuazima, na gololi ikidondoka hapo haipatikani tena. Hatua chache kutoka walipo, upande wa pili wa ukuta, kuna sakafu ya saruji, meza ndefu na jiriwa mbili, na mlango umefungwa kwa kufuli. Kwetu jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo hata gharama ya umeme haiwezi kuwa kisingizio.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana kwenye ajenda, ambako huwekwa mwisho, kwenye "mengineyo".

Sisi tuko kwenye tambarare ya Kanda ya Ziwa, nchi ambayo baiskeli inaifaa kuliko chombo kingine chochote. Jirani zetu wa Shinyanga wana baiskeli za abiria ambazo wenyewe huziita daladala, na zipo mpaka leo pamoja na pikipiki zote hizi. Maziwa yanaingia mjini kwa baiskeli. Mkaa, ndoo za maji, viroba vya mpunga, mama mjamzito anayekwenda kliniki, vyote hivyo vimekaa kwenye keria. Mtu asiye na uwezo wa kununua pikipiki, wala mafuta ya kila siku, anaweza kuanza maisha na baiskeli moja. Lakini baiskeli inayobeba mizigo ya namna hiyo kwenye barabara zetu za vumbi na mashimo inahitaji fundi kila mara. Siku ikisimama, kipato cha nyumba nzima kimesimama.

Kwa wanafunzi ni zaidi ya hapo. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 hadi kidato cha nne, wazazi wengi wa vijiji vya pembezoni walipata moyo wa kupeleka watoto sekondari. Shule ya kata ipo, ila kata zetu ni pana. Mtoto anaamka usiku, anatembea, anafika amechoka, anarudi giza likiwa limeingia. Kwa msichana njia hiyo ina hatari nyingine ambayo sote tunaijua: lifti. Anayempa lifti leo kesho anadai malipo, na tumeshaona inavyoishia. Serikali iliruhusu mwaka 2021 wasichana waliojifungua warudi shuleni, na lilikuwa jambo jema. Bado ni bora zaidi mtoto awe na chombo chake cha kumfikisha darasani salama.

Zambia walilipima jambo hili. Wasichana wa shule za vijijini walipewa baiskeli, wakalinganishwa na wenzao wasiopewa. Muda wa safari ya kwenda shule ulipungua kwa asilimia 35, kuchelewa kukapungua kwa asilimia 66, na utoro kwa asilimia 27. Kwenye mpango ule baiskeli hazikugawiwa na watu wakaondoka: waliandaliwa mafundi wa hukohuko vijijini, na kila shule ikawa na kamati ya kuzisimamia. Hilo ndilo ninalotaka mlione. Baiskeli ya mwanafunzi bila fundi karibu inamsaidia kwa muda mfupi tu, kisha inaegemezwa ukutani na kuku wanalala juu yake.

Sasa niingie ndani ya karakana yenyewe.

Tulipokea msaada wa baiskeli za mtumba na sanduku kubwa la vifaa. Tunawashukuru waliotoa, walitoa kwa moyo. Lakini hakuna aliyetuuliza tunatengeneza baiskeli za aina gani, na kamati nayo haikuwaeleza. Baiskeli nyingi za kwetu ni zile za chuma kizito, Phoenix ya China, Hero na Avon za India: gurudumu la inchi 28, breki za fito za chuma, mnyororo mmoja, hakuna gia. Sanduku tulilopewa lina vifaa vizuri sana vya baiskeli za gia za Ulaya. Lina funguo za pembe sita za kila kipimo, lakini halina kifaa cha kutolea kota pini, ile inayoshika mkono wa pedeli kwenye ekseli ya kati, wala spana nyembamba ya koni, zile zinazobana gololi za magurudumu yetu. Vijana wanaendelea kuitoa kota kwa nyundo na msumari, wanaipinda, na kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye gololi na kuta zake.

Upande wa matairi ndiko fedha ya watu inakopotea zaidi. Tazameni ubavuni mwa tairi la Phoenix: imeandikwa 28 x 1½, na pembeni yake kuna namba 635. Hicho ni kipenyo, kwa milimita, cha pale tairi linapokalia ringi. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya nazo huitwa 28, ila namba yao ni 622. Tofauti ni milimita 13, na kwa hesabu hiyo tairi la moja halikai kwenye ringi ya nyingine hata mkilivuta watu wawili. Za inchi 26 zinasumbua zaidi: za milimani ni 559, zile za mjini za kutoka Japani ni 590, na dukani zote zinauzwa kwa jina moja, "ishirini na sita". Kijana aliyefundishwa kusoma namba hiyo hanunui tairi lisilomfaa, na hamwachi mama wa kijijini arudi na tairi ambalo mwenye duka atakataa kulirudisha. Somo lenyewe ni la saa moja. Hivi sasa hakuna anayelitoa, kwa sababu saa hiyo mlango umefungwa.

Wenzetu wa jimbo la Bihar, India, walipoanza mwaka 2006 mpango wa baiskeli kwa wasichana wa sekondari, walitoa fedha familia zikanunue baiskeli madukani kwao. Uandikishaji wa wasichana wa umri unaostahili uliongezeka kwa asilimia 32. Baiskeli zilikuwa zilezile ambazo fundi wa kijiji anazijua tangu utoto na vipuri vyake viko kila duka. Kwa hiyo ombi langu kwa kamati: msaada mwingine ukija, orodha yetu iutangulie. Tupewe spoku, gololi, koni, mipira ya ndani na matairi ya 635 kabla ya kupewa kontena lingine la baiskeli ambazo zikiharibika gia hazina pa kwenda.

Nisiwachoshe na vifaa. Kinachokosekana zaidi ni mwalimu.

Tunaye fundi mmoja mzee, mnamfahamu, yule wa kijiweni chini ya mwembe karibu na stendi. Amekuwa akija kujitolea pale anapopata nafasi. Sijaona mtu anayefundisha kama yeye, na ningependa mjue anafundisha nini, kwa sababu nahisi baadhi yenu mnadhani kazi yake ni kuziba pancha.

Chukueni gurudumu la nyuma lililopinda. Baiskeli nyingi za Kihindi zina spoku 40 nyuma na 32 mbele, kwa sababu mzigo wote unakaa nyuma. Kijana asiyefundishwa huliweka gurudumu chini akalikanyaga, au anakaza spoku za upande mmoja mpaka zinakatika. Mzee huanza kwa kusikiliza. Anagusa spoku moja moja kwa ukucha: yenye mlio mzito imelegea, yenye mlio mwembamba imekazwa kupita kiasi. Kisha anashikiza kipande cha chaki kwenye uma, karibu kabisa na ringi, na kuzungusha taratibu. Pale ringi inapoelemea, chaki inaacha alama. Hapo anawauliza vijana: "Tufanyeje?" Karibu wote wanasema tukaze. Anawaacha wafikiri. Halafu anawaonyesha kwamba ringi ikielemea kushoto, spoku za kushoto za eneo lile zinalegezwa robo mzunguko, za kulia zinakazwa robo mzunguko, na unazungusha tena. Robo tu. Mwenye pupa anatoka na gurudumu lenye umbo la yai. Kazi hiyo inaweza kuchukua mchana mzima kwa anayejifunza, na akiimaliza amejifunza uvumilivu ambao hakuna semina itakayompa.

Au mnyororo. Huhitaji kifaa cha bei mbaya kujua kama umechakaa, rula ya shule inatosha. Unaweka inchi sifuri katikati ya pini moja, unahesabu vipande 24. Mnyororo mpya utafika inchi 12 kamili. Ukizidi kwa robo ya robo ya inchi, yaani sehemu moja ya 16, ubadilishe. Ukizidi mara mbili ya hapo, na meno ya sproketi ya nyuma yameshaliwa, ukiweka mnyororo mpya peke yake utaruka. Mzee amewafundisha wanafunzi wa kidato cha pili sehemu za inchi kwa njia hiyo, na mwalimu wao wa hisabati akaja kuniuliza wamezijulia wapi.

Anawafundisha kwamba pedeli ya kushoto hukazwa kwa kuzungusha kinyume, jambo dogo ambalo likisahaulika linaharibu mkono mzima wa pedeli. Anawahesabisha gololi za ekseli ya kati, 11 kila upande, na kuwafanya wazioshe kwa mafuta ya taa, wazikague chini ya mwanga, waitenge kila yenye kovu. Anawakataza kuchanganya gololi mpya na za zamani, kwa sababu mpya ndizo zitakazobeba uzito wote na kupasuka.

Mtu huyu akija kwetu anafunga kijiwe chake. Mteja akimkosa anakwenda kwa mwingine. Kwa maneno mengine, fundi maskini kuliko sisi sote tulio kwenye kamati ndiye anayeigharamia elimu ya vijana wa kata hii kwa mfuko wake. Hilo linaniuma na nalisema waziwazi. Alipwe ujira wa kila mwezi, hata kama ni mdogo, wa saa hizo za alasiri na Jumamosi, kwa mkataba ulioandikwa. Asipewe posho ya siku ya ziara ya wageni kisha akasahauliwa.

Najua swali litakalofuata: fedha itoke wapi? Kwenye kikao kilichopita lilitolewa jibu kwamba vijana wakakope asilimia kumi. Naomba tuliangalie jibu hilo kwa makini. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni utaratibu mzuri, na vijana wetu wakishaiva waunde kikundi, waombe, wafungue vibanda vyao vya ufundi na duka la vipuri. Ila ule ni mkopo. Unarejeshwa. Kikundi hakiwezi kukopa kumlipa mwalimu wa kuwafundisha wengine, kisha kikadaiwa marejesho kutokana na mafunzo ambayo ni ya bure. Ujira wa fundi unapaswa kuwa kwenye bajeti ya kawaida ya maendeleo ya jamii, kama walivyo watumishi wengine wanaohudumia umma, au ulipwe kwa kodi ya vile vyumba viwili vya mbele vya jengo ambavyo vimekaa bure na wafanyabiashara wameshaviulizia.

Karakana yenyewe inaweza kuingiza kiasi. Mtu mzima akileta baiskeli, alipe bei ya kijiweni, isiwe chini yake, ili tusiwaue kibiashara mafundi wa mtaani ambao ni baba zetu na kaka zetu. Mwanafunzi alipie kipuri tu. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi, kwa mwandiko unaosomeka. Wizi huingia mahali ambapo hesabu zimefichwa.

Pamoja na hayo, msimamizi apewe masurufu madogo ya kununulia vitu vinavyokwisha: gundi ya pancha, viraka, msasa, grisi, spoku, raba za breki. Leo hii tyubu moja ya gundi ikiisha, inaandikwa barua, inasubiri saini, inasubiri ununuzi, na wakati huo wote karakana yenye jiriwa mbili haiwezi kuziba tundu la mwiba. Yapo manunuzi yanayostahili utaratibu mrefu. Gundi ya pancha haimo.

Kuhusu hofu ya vifaa kuibiwa, ambayo ndiyo sababu ya zile kufuli: ninaielewa, na sitaki kuidharau. Njia iliyojaribiwa na karakana nyingi ni ubao ukutani wenye msumari kwa kila kifaa, na umbo la kifaa hicho limechorwa kwa rangi nyuma yake. Spana ikitoka, umbo lake linabaki wazi na kila mtu analiona. Hakuna anayekwenda nyumbani mpaka ubao umejaa. Kijana mmoja kila wiki awe mshika ubao, na jina lake liandikwe juu. Vijana wanapopewa dhamana wanalindana wao kwa wao kuliko mlinzi yeyote atakavyowalinda.

Sasa suala la wasichana, na hapa naomba mnisikilize hasa.

Kwenye daftari la mahudhurio majina ya wasichana ni machache mno, ilhali asubuhi barabarani ninawaona wengi wakipiga pedeli kwenda shule. Huku kwetu mwanamke juu ya baiskeli si jambo geni. Kwenye mashindano ya baiskeli ya Kanda ya Ziwa kuna mbio za wanawake, na watu hujaa kandokando ya barabara kuwashangilia. Kwa hiyo wanaosema kwamba spana si ya mtoto wa kike hawasemi kwa niaba ya desturi yoyote ninayoijua. Niliwauliza mabinti wenyewe kinachowazuia. Walitaja choo kisicho na komeo. Walitaja vijana wakubwa wanaokaa mlangoni na kuwatania kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Wakataja na kwamba wakija na pancha wavulana wanawanyang'anya baiskeli na kuwazibia, kwa nia njema kabisa, na wao wanarudi nyumbani bila kujua kitu. Mmoja aliniambia: "Mama, nikipata pancha porini, huyo mvulana nitampata wapi?"

Komeo la choo si la kupitishwa na kikao. Linunuliwe wiki hii. Jumamosi asubuhi iwe ya wasichana peke yao kwa muhula mmoja au miwili, mpaka mikono yao izoee, kisha wachanganyike na wenzao wakiwa wanajua. Kuna binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne ambaye tayari anaweza kufungua gurudumu, kubadilisha koni na kulirudisha bila kusaidiwa. Awekwe kuwa msaidizi wa mzee, kwa ujira, chini ya uanagenzi rasmi. Mabinti wengine wakimwona yeye amevaa ovaroli watakuja bila kutumiwa barua. Na awekwe kwenye kamati pia, pamoja na kijana mmoja wa baiskeli za abiria. Ni jambo la kushangaza kwamba kamati ya karakana ya vijana haina mjumbe hata mmoja ambaye ni kijana.

Vijana wenye ulemavu wasisahaulike. Baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono zina mnyororo, gololi na spoku vilevile, na wenye nazo hapa mjini hawana pa kuzipeleka. Mlango wa karakana una ngazi mbili. Mteremko wa saruji ni kazi ya fundi mwashi ya siku moja.

Cheti nacho ni muhimu, ingawa najua si kazi ya kata peke yake. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani katika fani kama uashi, useremala na ufundi magari. Ndugu Afisa Vijana, tunaomba uandike kuuliza namna ufundi wa baiskeli unavyoweza kuingia humo, kwa fani yake au kama sehemu ya ufundi mitambo. Wakati tukisubiri majibu, karakana iwe na mtihani wake. Mzee ameshapendekeza: kijana apewe baiskeli iliyovunjwa yote, fremu tupu na vipande mezani, aiunganishe, kisha aiendeshe mwenyewe kuteremka barabara ya stendi na kufunga breki mbele ya watu. Siku inayofaa ni 3 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Wakubwa mnaokuja siku hiyo mtakuwa na kitu cha kukagua.

Kuna waliosema kikaoni kwamba zama za baiskeli zimepita, tuwafundishe vijana pikipiki. Sina ugomvi na pikipiki. Lakini kijana anayejua kupanga gololi, kupima mchakao kwa rula na kunyoosha gurudumu kwa robo mzunguko ameshavuka nusu ya njia ya kuwa fundi wa chochote chenye magurudumu, na ameivuka kwa vifaa ambavyo kata inaweza kuvinunua. Pikipiki ya mafunzo hatuna. Baiskeli mbovu zimejaa kila ua.

Wazazi tumeshajipanga kwa upande wetu. Tumegawana zamu za jioni, wawili wawili, kukaa na vijana mpaka mlango unafungwa, ili isisemwe kwamba watoto wameachwa bila mtu mzima. Mafundi seremala wawili wa mtaani wamekubali kutengeneza ubao wa vifaa kwa mbao tutakazozichanga. Orodha ya zamu yenye majina na saini iko kwa mwenyekiti wa mtaa.

Tunachosubiri kutoka kwenu ni mambo matatu, yote kabla shule hazijafunguliwa Januari: barua ya kubadilisha saa za kazi, mkataba wa fundi, na funguo ya pili ikabidhiwe kwa msimamizi badala ya kukaa ofisini. Tunaomba pia kikao kijacho cha kamati kiitishwe Jumamosi, saa nne asubuhi, ndani ya karakana, na vijana waalikwe kukaa mezani pamoja nanyi. Mezani pana nafasi ya kutosha, na mabenchi tutaleta.

Wenu katika kuijenga kata,

Mama mlezi wa kujitolea na mjumbe wa kamati,
kwa niaba ya wazazi wa zamu za jioni